Jaribio la Kumi na Saba

Jumatatu, saa saba kasorobo mchana, Chepkorir aliingiza disketi kwenye mashine ya tatu, akabonyeza kitufe, akafunga chumba cha kompyuta kwa kufuli mbili, akateremka ngazi kwenda kula. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili ya jumba la Muungano wa Wafugaji, mjini Eldoret, juu ya duka la dawa za ng'ombe, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda mpaka kwenye karatasi za printa. Chini, kando ya lango, Wahu alikuwa na meza yake ya chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha. Chepkorir aliketi juu ya kreti ya soda, akala ngwaci mbili, akatazama mawingu yakijikusanya upande wa Timboroa. Julai ni Julai. Mvua ya mawe ingefika saa tisa.

Huko juu kazi ilikuwa ikiendelea bila yeye, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Muungano ulimchukua aandike programu ya kuhesabu kura za wanachama, waliopiga kura kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea wao, naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukitazama usoni, akaandika na programu ya pili ya kuikagua ile ya kwanza. Alitunga majaribio arobaini, moja kwa kila kituo cha kura. Kila jaribio lilifungua orodha ya majina ya kituo chake, ya uchaguzi wa mwaka jana, likaiamuru programu ihesabu, likalinganisha jibu na fomu yenye sahihi ya karani wa uchaguzi, kisha likachapa neno moja: SAWA au KOSA. Yote yalijiendesha yenyewe mchana, watu wakiwa wanakula.

Taabu ilikuwa mashine. Zilikuwa tatu, kila moja na mfadhili wake, na kila moja na mfumo wake wa kuiendesha, kama wake wenza ambao kila mmoja ana jiko lake na haazimi mwiko wa mwenzake. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ikikohoa kabla ya kuwaka. Ya pili ilikuwa nyeupe na yenye haraka, lakini ukiichunguza ungeona imelelewa na ile ya kwanza. Tabia zao zilifanana. Ya tatu ililetwa mwaka huo kutoka Ulaya na haikujua mila za wenzake hata kidogo. Programu ile ile ilitakiwa kutoa majibu yale yale kwenye zote tatu ifikapo Ijumaa, siku ambayo Mwenyekiti, Mzee Wilson, angekuja kuizindua. Bwana Kituyi, mkuu wa kitengo, alikuwa ameshamwahidi. Chepkorir naye alikuwa hajaandikwa rasmi. Kazi ingekwama, na barua yake ya kuajiriwa ingekwama hapo hapo.

Aliporudi, alikuta watu kwenye ngazi. Walikuwa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na mkono wa kulia juu ya bega la aliye mbele yake. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini viatu vyao vilikuwa na vumbi la kiangazi. Aliwaomba njia wakampisha. Wa kwanza, aliyekuwa ameegemea mlango wa chumba cha kompyuta, alikuwa Mzee Thuo, aliyekuwa na duka la sukari na mafuta ya taa kule kwao Chepkorir, nyuma ya mji mdogo wa Ziwa. Mzee Thuo alizikwa Aprili. Chepkorir mwenyewe alienda matangani na kuosha vyombo.

"Tumefika wapi, msichana wangu?" Mzee Thuo aliuliza.

"Na nini, Mzee?"

"Na kuhesabiwa."

Chepkorir alimwambia angoje kidogo, akafungua kufuli zake. Mashine ya kwanza ilikuwa imechapa SAWA mara arobaini. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na KOSA kumi na mbili. Alichukua kalamu nyekundu akazizungushia zote kumi na mbili, kisha akaenda dirishani kupumua. Mlolongo ulitoka mlangoni, ukapita mbele ya duka la dawa, ukakunja kwenye posta, ukapotea nyuma ya kituo cha petroli. Karibu na meza ya Wahu, miongoni mwa wale watu, alikuwa amesimama mama yake, Sarah.

Aliteremka tena.

"Mama. Umekuja saa ngapi mjini?"

"Sijakuja," Sarah alisema. "Niko kwa mstari. Hii miguu inaniuma, Chepkorir."

Ilikuwa ikimuuma tangu uchaguzi wa mwaka jana. Ilivimba mpaka viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Daktari aliibonyeza kwa kidole, akasema hiyo ni miguu ya mtu anayesimama kutwa kucha. Sarah akamwambia yeye hukaa chini kama watu wengine, na daktari akaandika kwamba apumzike. Kule nyuma ya Ziwa watu wengi walikuwa na miguu ya namna hiyo na walilaumu chumvi. Jioni ile ya Jumatatu jirani aliyeleta maziwa mjini alisema amemwacha Mama Sarah nyumbani akikamua, mzima, ila anachechemea. Chepkorir alimshukuru. Lakini usingizi haukuja vizuri, kwa sababu alimpenda mama yake na hakujua la kumfanyia.

Alichojua ni kazi. Jumanne aliketi mbele ya mashine ya tatu akaanza na kosa la kwanza, maana hata ng'ombe wakiwa mia hukamuliwa mmoja mmoja. Aligundua kwamba mashine zile mbili hazikujali ukiita faili kwa herufi kubwa au ndogo. Kwao jina ni jina. Ya tatu ilijali. Ukiandika ORODHA kwa herufi kubwa ilhali faili imeandikwa kwa ndogo, ilikuambia haimjui mtu huyo. Alipitia programu yote akayaweka majina sawa. Mchana alikula ngwaci, akarudi, akahesabu KOSA saba.

Jumatano ilikuwa siku ya mikia. Mashine mbili za kwanza zilifunga kila mstari wa maandishi kwa alama mbili, ile ya tatu ilifunga kwa moja, hivyo alama ya ziada ikabaki imening'inia mwishoni mwa jina la kila mtu, na programu ikadhani Kiarie mwenye mkia na Kiarie asiye na mkia ni watu wawili. Aliandika mistari minne ya kukata mikia. Mchana KOSA ilibaki moja tu. Hapo aliruhusu moyo wake kufurahi, akamnunulia mama yake chai. Sarah aliinywa wima kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye bega la mtu.

Wahu alikuwa ameongeza meza ya pili.

"Watu wako ni wastaarabu," alimwambia Chepkorir. "Hawasukumani. Lakini wanamaliza sukari."

KOSA iliyobaki ilikuwa jaribio la kumi na saba, kituo cha nyuma ya Ziwa, mstari wa Mwalimu Kipyego, aliyeshindana na Mzee Wilson. Printa ilikuwa imeandika: Ilitarajiwa 61. Imepatikana 640.

Bwana Kituyi alikuja kuitazama karatasi hiyo akiwa ameshika koti lake. Alikuwa mtu mwema wa kuogopa, mwenye watoto watano na nyumba ya Muungano. Alifunga mlango taratibu ili Mzee Thuo asisikie.

"Hii ya tatu ndio mbaya," alisema. "Wawili wakisema sitini na moja, mmoja aseme mia sita, nani mwongo hapo?"

"Uongo haupigiwi kura, bwana."

"Kwetu hapa unapigiwa. Chepkorir, sikia. Ijumaa nataka SAWA mia moja na ishirini. Hiyo mashine iambie iseme kama wenzake."

"Nitatafuta kwa nini inasema hivyo. Nikijua, nitarekebisha yenye makosa."

"Mwenye nguvu mpishe," Bwana Kituyi alisema, akavaa koti. Kwenye ngazi aliwapisha watu wote mmoja mmoja, akiwaomba radhi.

Alhamisi asubuhi Chepkorir aliacha kuisoma orodha kama watu wanavyoisoma, akaamuru mashine ya tatu imchapie faili nzima kwa nambari, herufi kwa herufi, zikiwemo alama zisizoonekana kwenye kioo. Karatasi zilitoka printa zikajaa sakafu. Alipiga magoti akazifuata kwa kidole kutoka jina la kwanza, Thuo. Hakunywa chai ya saa nne. Baada ya jina la sitini na moja alikuta nambari ishirini na sita, peke yake, mahali ambapo hapakuwa na haja ya kitu chochote. Jina lililofuata lilikuwa la mama yake.

Aliijua alama hiyo. Kwa mashine ya kwanza na ya pili, ishirini na sita maana yake ni mwisho: faili imeisha, usisome zaidi. Zikikutana nayo husimama, hata kama kuna kurasa kumi mbele. Mashine ya tatu haikufundishwa hivyo. Yenyewe huuliza faili ina urefu gani, kisha huisoma yote. Kwa hiyo hakukuwa na ugonjwa wowote kwenye mashine ya tatu. Kuna mtu aliyeketi mbele ya mojawapo ya zile mbili, mwaka jana, akaweka alama moja kwenye orodha. Hakufuta jina hata moja. Alikuwa mvivu, au alidhani mashine zote duniani zimelelewa na mama mmoja.

Chepkorir alishika karatasi akateremka akihesabu mabega. La sitini na moja lilikuwa la fundi wa baiskeli. La sitini na mbili lilikuwa la Sarah.

"Mama, siku ile ya kura, karani alifika wapi?"

"Hapa," Sarah alisema, akaonyesha kwa kidevu mgongo wa fundi. "Majina yalikuwa yameandikwa mapema, pale kwa lango, yote. Halafu karani akaanza kugusa watu bega akihesabu. Alimgusa huyu, akasema sitini na moja. Gari ikampigia honi. Akatuambia, ngojeni hapo hapo, nakuja."

"Na hamkuondoka?"

"Sheria unaijua. Mstari hauvunjwi mpaka wa mwisho aguswe. Ukitoka, umeharibia wote."

Sheria hiyo Chepkorir aliijua. Kila mtu aliijua. Ilisomwa kwa kipaza sauti kabla ya kura, na watu wa nyuma ya Ziwa hawakuwa watu wa kusomewa sheria mara mbili.

"Lakini ulirudi nyumbani, Mama. Mimi nilikukuta nyumbani."

"Ng'ombe hangoji karani," Sarah alisema. "Tulienda kukamua. Lakini mstari hatukuvunja."

Fundi wa baiskeli alitikisa kichwa kukubali. Nyuma yao mtu aliuliza kama kuna habari, na swali likapokezanwa bega kwa bega mpaka nyuma ya kituo cha petroli.

Chepkorir alipanda ngazi akiwa na hasira, tena hasira ya kuchapa kazi. Alifungua faili ya kituo cha kumi na saba akaiondoa ile ishirini na sita, kitu kidogo kuliko chawa. Kisha akafungua jaribio lenyewe, akafuta 61 aliyoinakili kutoka kwenye fomu, akaandika 640. Hapo mkono wake ulisita, kwa sababu alijua anachofanya na alijua barua ya kazi inavyonukia ikiwa mbali. Saa saba kasorobo alibonyeza kitufe kwenye mashine zote tatu. Siku hiyo hakwenda kula. Aliketi akazisikiliza zikifanya kazi.

SAWA arobaini. SAWA arobaini. SAWA arobaini.

Kwenye ngazi Mzee Thuo alinyoosha mgongo. Aliyekuwa nyuma yake aliondoa mkono begani mwake, na wa nyuma yake akafanya hivyo hivyo, na sauti ya mikono ikishuka iliteremka ngazi ikatoka nje. Mzee Thuo alichungulia mlangoni.

"Haya, asante," alisema. "Nilikuwa na mambo ya kufanya huko."

Saa tisa mvua ya mawe ilinyesha kwenye barabara tupu. Jioni jirani wa maziwa alileta salamu: Mama Sarah ametoa viatu vya kanisani chini ya kitanda, amevivaa, na amezunguka navyo boma lote siku ya kazi, watu wakimcheka.

Ijumaa Mzee Wilson alifika saa nne na magari matatu. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, na alimsalimia Chepkorir kwa mikono miwili, akamuuliza yeye ni wa nani kule Ziwa. Aliambiwa abonyeze kitufe akabonyeza. Akangoja akiwa amesimama, kofia mkononi, na karatasi zilipotoka akazisoma zote bila haraka, mpaka ya kumi na saba. Aliisoma hiyo mara mbili.

"Hapa pameandikwa mia sita na arobaini."

"Ndiyo, Mzee," Chepkorir alisema. "Ndio watu waliosimama."

"Mimi nilikuwa hapo. Nilimsikia karani. Fomu inasema nini, Kituyi?"

"Sitini na moja, Mzee."

"Ina sahihi?"

"Iko nayo."

"Basi mashine zimekosea," Mzee Wilson alisema, bila chuki, kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake. "Ni mpya. Zitazoea."

Bwana Kituyi alikuwa na disketi ya akiba mfukoni mwa koti. Alikuwa nayo tangu Jumatano. Aliiingiza kwenye mashine ya kwanza. Mashine ya tatu ilichomolewa waya, ikabebwa na matarishi wawili wa ofisi mpaka stoo ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Faili ya zamani ilirudishwa na alama yake, jaribio la zamani likarudishwa na nambari yake, na mashine mbili zilizobaki zikachapa SAWA themanini.

"Umeona?" Bwana Kituyi alimwambia Chepkorir kwa sauti ndogo. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika, bwana. Tazama nje."

Hakutazama. Soda zilifunguliwa, sala ikafanywa, Mwenyekiti akasifu maendeleo. Walipotoka kwenda magarini, ngazi ilikuwa imejaa tena. Mzee Thuo alikuwa mlangoni, amechoka zaidi kuliko juzi kwa sababu alishafika alikokuwa akienda. Mzee Wilson alimwambia, "Samahani, mzee wangu," akampita. Wote waliwapisha wageni. Mbele ya meza ya Wahu Sarah alisimama miguu mitupu, mkono mmoja kwenye bega la fundi, mwingine umeshika viatu vya kanisani. Mwenyekiti alimwamkia kwa heshima, akaingia garini.

Barua ya Chepkorir ilitoka siku hiyo hiyo, nayo haikuwa ile aliyoingoja. Bwana Kituyi aliiandika mwenyewe kwa mkono ili mpiga chapa asiione. Chepkorir aliisoma, akaikunja, akaiweka mkobani. Alilia kidogo kwenye choo cha ghorofa ya pili, akanawa uso, akarudisha funguo za kufuli mbili.

Nanyama, aliyekuwa na chumba cha kupiga chapa ng'ambo ya barabara, alimpa taipureta na kiti. Mwaka uliofuata Mzee Wilson alirudi kitini bila kupingwa. Mji ulizoea mlolongo. Watu wa posta walihamishia sanduku la barua upande wa pili, mwenye petroli alichora mstari mweupe ili magari yasikanyage vidole vya watu, na Wahu akawa na meza nne. Ile mashine ya tatu iko stoo mpaka leo, imefunikwa gunia.

Na kila siku ya kazi, saa saba kasorobo, Chepkorir hufunika taipureta yake, huvuka barabara, hupanda mpaka ghorofa ya pili. Hakuna aliyemtuma. Hesabu yake haina sahihi na haiingii kwenye fomu yoyote, na miguu ya watu haipungui hata kidogo kwa ajili yake; yeye anajua hivyo, nao wanajua. Humgusa Mzee Thuo bega na kusema, "Moja." Huteremka ngazi akigusa na kutaja, bila kuruka mtu, bila haraka wala kuchelewa, mvua ikiwepo au isiwepo. Hutoka mlangoni, hupita duka la dawa. Kwa fundi wa baiskeli, pale honi ilipolia, mkono wake hausimami.

"Sitini na moja," husema, na kupiga hatua. "Sitini na mbili."

Sarah huhamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia.

"Endelea," humwambia. "Huko nyuma wako wengi."